Mwanamke wa Picha ya Maktaba

Asubuhi ile Bi Pindo aliamka akiwa hajutii kitu chochote duniani. Ilipofika saa nne, gazeti lilikuwa limeshamjutisha.

Alikuwa kwenye cherehani yake, anapunguza suruali ya mwalimu mmoja mfupi. Kazi ya kupinda ndiyo iliyompa jina, kwani mtaani pale hapakuwa na mguu wa suruali ambao hakuwahi kuupinda. Msusi akaingia bila hodi, gazeti kwapani, na sura ya mtu anayejua kwamba akitoa alichokibeba patachimbika. Wawili hao walikuwa wamepanga chumba kimoja cha biashara, pazia katikati, huku vitambaa na kule nywele. Mteja aliyekuja kupimwa kiuno aliondoka na habari zote za kichwani kwa mteja mwingine.

"Shoga, kaa chini," Msusi alisema.

"Si nimekaa?"

"Basi zidi kukaa."

Akalitandaza gazeti juu ya suruali ya mwalimu. Kwenye ukurasa wa tatu, nusu nzima ya ukurasa, alikuwepo mwanamke aliyejifunika uso kwa kiganja, machozi yanamchuruzika pembeni ya kidole gumba, mtandio umemwanguka begani. Juu yake maandishi manene: SINDANO YA UZAZI YAWALIZA WANAWAKE. Chini yake, kwa herufi ambazo sisimizi angezisoma kwa kuinama: Picha ya maktaba.

"Tena," Bi Pindo alisema.

"Tena, mwenzangu."

Picha hiyo ilipatikana hivi. Zamani kidogo, wanawake wa mtaa walikusanyika ukumbini kudai chumba cha kujifungulia pale zahanati kiwekewe mlango, maana kilikuwa na pazia tu, tena pazia fupi, mzazi akawa anasalimiana na wagonjwa wa malaria miguu ikiwa juu. Mpiga picha wa gazeti alifika hotuba zimekwisha, watu wanakunywa chai. Wakati huo Msusi alikuwa anasimulia jinsi mumewe, aliyejitapa kwamba ataingia kumsaidia kujifungua, alivyoona tone la kwanza la damu akaenda chini kama gunia. Wakunga wakamwacha mzazi wakambeba yeye. Msusi mwenyewe, uchungu umemkaba, ikabidi ashuke kitandani ampishe, na mkunga mmoja kwa mazoea akamwambia yule bwana, "Sukuma, baba, usiogope." Bi Pindo alicheka siku hiyo mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakabweka, mpaka chai ikampitia puani, mpaka akajifunika uso kwa kuona aibu. Mpiga picha akabonyeza mara moja, akaenda zake. Habari ya mlango haikutoka. Picha ikaingia maktaba.

Tangu hapo maisha ya Bi Pindo gazetini yalikuwa magumu kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Alifiwa. Aliachwa. Alisombewa nyumba na mafuriko, akatapeliwa na mganga, akafukuzwa kiwanda ambacho hakuwahi hata kukipita kwa nje. Kuna wiki alikuwa tasa Jumatatu na Alhamisi akawa amekimbiwa na watoto wake. Habari ya wajane ilipotoka, mama mkwe wake alimpigia simu mwanawe huku analia, akamuuliza kama amekufa. Dereva, maana ndiye mume wa Bi Pindo na ndiyo kazi yake, akajibu kwamba yuko kwenye mizani anapima lori. Mama hakuamini mpaka karani wa mizani alipochukua simu akathibitisha kwamba marehemu yuko mbele yake na amezidisha uzito.

Hayo yote Bi Pindo aliyameza. Hili lilimkwama kooni, kwa sababu ya zahanati.

Mwezi uliopita kamati ya zahanati ilikuwa imebandika tangazo kwenye mlango. Mwanamke anayetaka huduma ya uzazi wa mpango aje na mumewe. Asiye na mume aje na baba yake. Mjane hakutajwa, nadhani walitegemea aje na kaburi. Na Dereva alikuwa mtu wa barabara ndefu. Akibahatika kupita nyumbani, hufika Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu kabla jogoo hajajikohoza. Zahanati hufunguliwa Jumatatu asubuhi na kufungwa Ijumaa. Kwa hiyo saa ambazo mume alikuwepo kumsindikiza mkewe zilikuwa zilezile ambazo mlango ulikuwa na kufuli, na kwa saa zilezile alikuwepo kwa yale mambo mengine, ambayo hayakuhitaji kamati.

Uzazi wa mwisho wa Bi Pindo nusura umtoe roho. Alivuja damu mpaka wauguzi wakaanza kumwita kwa jina lake kamili, na daktari wa hospitali kubwa akamwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, ukirudi hapa na mimba nyingine, mimi sikuahidi kitu." Sindano yake ya miezi mitatu ilikuwa inaisha wiki hii. Dereva alikuwa anakuja Jumamosi hii. Leo ilikuwa Jumatano, na kesho kamati inakaa kusikiliza maoni ya wanawake, Bi Pindo akiwa msemaji wao. Sasa gazeti limempiga picha ya majuto nusu ukurasa.

"Kesho wataingia nalo kikaoni," Msusi alisema. "Unamjua Mwenyekiti. Akipata gazeti hata la kufungia sabuni, ni ushahidi."

"Ndiyo maana naenda kulifuta leo."

"Au umchukue Mzee Gundi yaishe."

Mzee Gundi alikuwa fundi viatu wa pale kona. Tangu tangazo libandikwe, wanawake wenye waume walio mbali walikuwa wanamwazima. Anavaa koti, anaingia zahanati na mke, anasema "nimekubali", anarudi kwenye soli zake. Alishakuwa na wake wengi kuliko sultani, na alianza kulalamika kwamba kazi ya ndoa inamchelewesha na viatu vya watu.

"Nina mume wangu," Bi Pindo alisema. "Niazime mwingine ili nithibitishe kwamba ninaye?"

"Na simu ya Dereva ilifikia wapi?"

"Alisema, 'Mpe muuguzi niongee naye, nimekubali, hata ya mwakani nimekubali.' Muuguzi akasema sauti haina sura, na Mwenyekiti ametaka sura."

Akavua kipimo shingoni, akachukua mtandio. Msusi akamwachia mteja wake kitana mkononi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko wima kama imeona jambo, akamfuata.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Walimkuta mhariri wa picha, kijana mwenye adabu ya kuudhi, wa kusema "naam, mama" kwa kila kitu bila kukubali hata kimoja.

"Huyu ni mimi," Bi Pindo alisema, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Naam, mama. Lakini hatukutaja jina."

"Mmetia sura."

"Sura haionekani, mama. Imefunikwa na mkono."

"Mkono ni wangu. Hii alama ya sindano ya cherehani hapa, na hii hapa." Akauweka mkono wake kando ya picha.

Kijana akatazama mkono, akatazama picha, akakubali kwa kichwa kama daktari. "Inafanana. Ila mama, hii ni picha ya maktaba. Ikiwa ya maktaba haimaanishi wewe. Inamaanisha wanawake kwa jumla."

"Kwa jumla wanalia?"

"Kwa jumla wana hisia."

Msusi akaona amsaidie. "Mwanangu, hebu fungua hiyo maktaba yako, tafuta mwanamke mwingine. Mmoja tu, anaongea, kasimama, hana tatizo."

Kijana akageuza kompyuta waone, maana hakuwa mchoyo. Akaandika "mwanamke". Wakatoka: mwanamke akilia, mwanamke na ndoo, mwanamke na mtoto mgongoni, mwanamke na ndoo na mtoto mgongoni, mwanamke nusu uchi wa tangazo la rangi ya nyumba.

"Andika 'mwanamke akiongea'," Bi Pindo alisema.

"Hizo ziko kwenye faili jingine."

"Faili gani?"

Kijana akasita kidogo. "Ugomvi."

Bi Pindo akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayehesabu matundu ya vifungo ili asimrukie mwenziwe. Akaeleza kwa utaratibu. Kwamba alikuwa anacheka. Kwamba sindano haijamliza, kinachomliza ni kuikosa. Kwamba kesho kuna kikao, na anataka kesho asubuhi gazeti liseme hivyo, kwa maneno machache tu, hata kama ni chini ya ukurasa.

"Masahihisho tunayo, mama. Yanatoka wiki ijayo, ukurasa wa zabuni."

"Wiki ijayo nitakuwa na mimba."

"Naam, mama," kijana alisema, kisha akajisikia vibaya, maana hakuwa mbaya. "Au tufanye hivi. Nikupige picha nyingine sasa hivi, nimpe mwandishi wa habari za kikao. Simama pale dirishani." Bi Pindo akasimama, kidevu juu. Kijana akamtazama kupitia kamera, akashusha kamera. "Mama, ungeweza kuinamisha kichwa kidogo? Mwanga unakuwa mzuri ukiwa na huzuni."

Walishuka ngazi bila kuaga. Barabarani Msusi alianza kusema kitu, Bi Pindo akamwinulia kidole. Walirudi kwenye cherehani, na mwalimu mfupi aliyekuja kuchukua suruali yake alikuta imepindwa kwa hasira, mshono umenyooka kama risasi.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa, walikaa wajumbe wa kamati, wanaume watupu, na pembeni kabisa muuguzi wa zahanati akiwa katibu, kalamu mkononi, uso wa mtu aliyekwisha kuandika mengi asiyoyaamini. Wanawake walipewa mabenchi ya nyuma. Mwenyekiti, muuza mabati mwenye sauti ya bati, alisimama na gazeti. Msusi akamfinya Bi Pindo.

"Ndugu wajumbe, kuna wanaosema tunawazuia akina mama. Sisi hatuzuii. Tunalinda. Tazameni huyu mama." Akaliinua gazeti, akalizungusha taratibu kila mtu aone. "Alichomwa sindano bila kushauriana na mumewe. Machozi haya hayahitaji mkalimani. Na tangu tuweke utaratibu wetu, wanaume wameitikia. Wanakuja zahanati na wake zao, jambo ambalo halijapata kutokea."

Bi Pindo akasimama. "Mwenyekiti, huyo ni mimi."

"Wewe nani?"

"Niliyepinda hiyo suruali uliyovaa."

Mwenyekiti akatazama suruali yake, akatazama gazeti, sura ikajaa huruma. "Pole sana, mama. Kumbe yamekukuta. Ndugu wajumbe, bahati iliyoje, mwathirika mwenyewe tunaye."

"Sijaathirika na kitu. Nilikuwa nacheka."

"Kicheko gani hicho chenye machozi?"

"Kizuri."

Wajumbe wakanong'onezana. Mmoja wao, mtu wa haki, alisema suala hili halina ugumu, mama acheke, wao walinganishe na picha. Mwingine akaunga mkono hoja. Hoja ikapita. Hivyo ndivyo kamati ya zahanati ilivyompa mwanamke ruhusa rasmi ya kucheka, ya kwanza katika historia yake.

Msusi akainuka kuifanya kazi. Akaisimulia habari ya mumewe upya, akaitia chumvi mpya, safari hii yule bwana hakuzimia tu, alipozinduka aliuliza amejifungua wa kike au wa kiume. Mabenchi ya nyuma yalipasuka. Mjumbe mmoja aliingia chini ya meza akijidai anaokota kalamu. Bi Pindo peke yake alibaki kasimama, mkavu kama chaki. Alijaribu. Alikodoa macho, akafikiria ile "sukuma, baba", midomo ikagoma. Meza nzima ilikuwa imemkazia macho kama watu wanaosubiri kuku atage.

"Iandikwe kwamba hakucheka," Mwenyekiti alisema.

Hapo Bi Pindo akaacha habari ya picha. Akaongea kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kueleza kitu kilekile kwa watu tofauti.

"Nina watoto watano. Wa mwisho alikuwa aondoke na mimi. Daktari amesema nisizae tena. Sindano yangu inaisha kesho Ijumaa. Mume wangu anafika Jumamosi, zahanati imefungwa. Anaondoka Jumatatu, zahanati haijafunguliwa. Yeye mwenyewe amekubali, hamtaki kumsikia. Haya, mimi hapa, niambieni nifanye nini na Jumamosi."

Wajumbe waliinamiana wakateta, na kwa kweli walijitahidi, mmoja alitoka jasho. Mwishowe Mwenyekiti akainua kichwa, akiwa na furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi.

"Kamati si katili. Kwa mwenye mume wa safari, tumeamua alete picha ya mume. Iwe na sura yote, mbele. Picha tutaikubali kama mume mwenyewe." Akaligonga gazeti kwa kidole, kusisitiza. "Kwa sababu picha, ndugu zangu, haidanganyi."

Kwanza Bi Pindo alitoa sauti ndogo, kama cherehani iliyoruka uzi. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Akashika mgongo wa benchi la mbele yake, likayumba na waliolikalia. Kicheko kikamtoka tumboni, kikapanda, kikajaa ukumbi, akajaribu kukirudisha kwa kiganja usoni, machozi yakapita pembeni ya kidole gumba, mtandio ukaanguka begani. Wajumbe wakatazama gazeti. Wakamtazama. Wakatazama gazeti.

"Mnaona?" Mwenyekiti alisema kwa upole. "Analia. Mleteeni maji."

Muuguzi akaweka kalamu mezani.

"Anacheka, Mwenyekiti."

"Katibu, tafadhali."

"Anacheka. Mimi nimemzalisha huyu, najua analiaje. Nilikaa naye kwenye gari la wagonjwa njia nzima mpaka hospitali kubwa, nimembana damu kwa mikono yangu hii miwili, analia anaita watoto wake mmoja mmoja. Kilio chake hakifanani na hicho hata kidogo." Alikuwa haongei kwa ukali. Aliongea kama anayesoma joto la mgonjwa. "Na kwa kuwa tuko kwenye kusahihisha, hao wanaume walioitikia ni Mzee Gundi. Wote. Kwa wiki mbili za mwanzo alikuwa anabadilisha kofia, sasa amechoka, anakuja kichwa wazi."

Mabenchi ya nyuma yalicheka, kisha yakaacha, maana Mwenyekiti alikuwa ameiva uso. "Ulijua, na hukusema?"

"Nilikuwa nawachoma. Ningesema ningewafukuza, na wangerudi kwangu baada ya miezi tisa. Nimechoka kumwandikia mzee wa watu ndoa mpya kila asubuhi. Kuanzia kesho simuulizi mtu mume."

"Wewe ni katibu hapa. Huna kura."

"Sina," muuguzi alikubali. "Nina ufunguo wa chumba cha sindano."

Mwenyekiti akatangaza kwamba jambo hilo litaundiwa kamati ndogo, na tangazo lisiguswe mlangoni mpaka kamati ndogo itakapokaa, tarehe itajulikana. Wajumbe wakafunga mikoba. Bi Pindo alikuwa bado anajifuta macho, na sasa hata yeye hakuwa na uhakika machozi yale yalikuwa ya upande gani.

Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Muuguzi alifungua, hakuuliza kitu isipokuwa mkono.

"Upi?"

"Wowote. Choma."

Ilichukua muda mfupi kuliko kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Bi Pindo akatoka nje, akaketi kwenye benchi lilelile, akavua kandambili. Msusi, aliyekuja kumsindikiza, akabaki kasimama.

"Umeshachomwa. Twende, nina mtu nusu kichwa tangu juzi."

"Tangulia."

"Unasubiri nini?"

Bi Pindo akamwonyesha kwa kidevu. Mwanamke mmoja alikuwa anaingia getini peke yake, mtoto mgongoni. Alifika mlangoni, akasoma tangazo mpaka mwisho, midomo ikitembea, akageuka kurudi alikotoka.

"Wewe dada," Bi Pindo akaita. "Rudi. Hilo wamebandika tu. Ingia chumba cha pili."

"Lakini wameandika—"

"Wameandika. Wewe ingia."

Akaingia. Nyuma yake akaja mwingine, naye akasoma, naye akageuka, naye akaitwa. Kila baada ya dakika chache ilikuwa hivyohivyo. Msusi aliondoka. Jua lilipanda, benchi likapata moto, na katikati ya hayo yote Bi Pindo alijua kuna sketi ya sare inamngoja, na mama mwenye sketi hana subira. Sauti ilianza kumkauka kwa kusema maneno yaleyale. Alitamani kuling'oa lile tangazo kwa kucha, lakini muuguzi alikuwa amemwomba asimpe Mwenyekiti sababu.

Karibu na saa ya kufunga akaja mama mmoja wa makamo, mkaidi, wa kutaka kuelewa kila kitu. Alisoma tangazo, akamsikiliza Bi Pindo, akalisoma tena.

"Kwani wewe ni nani hapa?"

"Fundi cherehani."

"Fundi cherehani ndiye anaruhusu watu kuingia?"

"Hakuna anayeruhusu," Bi Pindo alisema. "Pita, mama. Mimi nimechoka kueleza."

Yule mama akamtazama kwa muda, akalitazama tangazo kwa mara ya mwisho kama anayelidai, akapita.